Kibao cha Kilio

Neno lenyewe nililipata kwa dereva wa Tanzania. Alikuwa amesimamisha lori lake la shaba pale njia inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Kolwezi mjini, mwingine Nzilo, kwenye bwawa. Akashuka, akanyoosha mgongo, akaniuliza, "Mwalimu, kibao kiko wapi?" Aliniita mwalimu kwa sababu vidole vyangu vilijaa chaki. Kibao nilichokijua mimi wakati ule ni kile cha vitabuni, ambacho mtu huchapwa shavuni, kwa hiyo nikamwambia kwamba mimi na yeye hatuna ugomvi. Alicheka mpaka akaegemea gurudumu.

Kwetu kitu hicho tunakiita plake. Plake ya njia, plake ya duka, plake ya kanisa. Ile aliyokuwa akiitafuta ilikuwa imelala kwenye majani baada ya kugongwa, na kabla ya hapo ilikuwa imegongwa mara nyingine, ikasimamishwa tena na watu wenye nia njema ambao hawakuangalia mshale unatazama wapi. Karibu mwaka mzima iliwatuma watu wa mjini bwawani na watu wa bwawani mjini. Sisi wenyeji hatukusumbuka, kwa sababu hakuna mwenyeji anayesoma plake ya kwao.

Dereva alinifundisha na mengine. Kwao watu wakiwa wengi husema ni watu kibao. Mambo yakimpindukia mtu, husema kibao kimegeuka. Nililipenda neno hilo, nikalichukua, na humu nitaliandika hivyo. Watu wa nyumbani wakizungumza, waacheni waseme plake.

Nyumbani kwetu plake alikuwa mtu. Alikuwa dada yangu mkubwa, ambaye kwa desturi yetu namwita yaya, na ambaye hata leo singethubutu kumwita vinginevyo. Baba yetu aliendesha malori ya mawe ya shaba kwenye machimbo ya kampuni kwa muda wote wa ujana wake. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi hiyohiyo, na baba alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia ufalme. Nilipoleta alama mbaya kutoka shuleni, baba hakunipiga. Alimwonyesha yaya kwa kidole, aliyekuwa amekaa na madaftari yake, akasema, "Angalia kule. Ule ndiye plake. Anapopita ye, na weye upite pale pale."

Nilipita pale pale. Nilisoma alikosoma, nikaimba kwaya aliyoimba, hata mwandiko nilijifunza kwake. Herufi K yenye mkia mrefu unaojikunja chini, ambayo wanafunzi wangu wananicheka nayo, ni ya kwake kwanza. Alinishika mkono mezani, akanizungushia mkia huo mpaka ukakubali.

Kisha yaya akampenda mchimbaji. Wachimbaji wa kwetu ni vijana wanaotoka kila pembe ya Kongo, wanashuka kwenye mashimo kwa kamba kutafuta kobalti, na baba aliwachukia kwa moyo wote. Kwake yeye, mtu asiye na namba ya kazi, kofia ya kazi na saa ya kazi hakuwa mfanyakazi. Huyu alikuwa na kosa la pili, la kutokuwa Mkasai. Baba alimpa yaya muda wa kufikiri, yaya akafikiri, akarudi na jibu lilelile. Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa na sahani ya bukari mapajani, ugali wenyewe umepoa. Baba alisema, "Plake inageuka. Toka mu nyumba yangu, na miguu yako isikanyage tena hapa." Yaya akasema, "Ndiyo, tata." Hakupaza sauti. Alikunja nguo zake, akaenda na mtu wake Fungurume, akaanza kuuza unga wa muhogo na samaki wakavu sokoni.

Miaka sita ilipita hivyo. Mimi na yeye tulizungumza kwa simu, lakini nikiwa nje ya ua, na baba alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa watu wa vichwa vigumu, wote watatu, na mimi nilikuwa na hasira za karibu kuliko wao. Wao walikasirika polepole wakakaa na hasira yao miaka. Mimi huwaka papo hapo na kusema neno, halafu ndipo ninaanza kufikiri.

Sasa nieleze kibao cha kilio, maana kila kitu kilitoka hapo.

Kwetu mtu akifa, tunasema kuna kilio, na nyumba yake tunaiita hivyohivyo, kilio. Jamaa watatoka Likasi, Lubumbashi, Tenke, wengine hawajawahi kufika. Basi kwenye kona ambapo barabara ya mtaa inaachana na lami, watu hufunga matawi mabichi kwenye nguzo, na juu ya matawi kipande cha katoni chenye neno KILIO na mshale. Jina haliandikwi. Anayekuja analijua jina tayari, na asiyelijua hana shughuli huko. Matawi yakiwa chini, katikati ya lami, ni lori limeharibika mbele, punguza mwendo. Matawi yakiwa juu ya nguzo, vua kofia.

Mwandishi wa katoni hizo katika mtaa wetu nilikuwa mimi. Sikuomba kazi hiyo. Niliandika moja kwa ajili ya jirani, ikapendeza, na tangu siku hiyo mtu hakukata roho bila watu kunijia na katoni. Walimu wenzangu walinitania, wakiniona natembea na kalamu ya wino mzito wanauliza, "Leo ni nani?" Nami, niseme ukweli, nilijisikia kidogo. Niliandika kwa uangalifu, herufi zilizonyooka, mshale wenye ncha safi. Watu walisimama kwenye kona wakisifu mwandiko kabla ya kwenda kulia.

Kazi ilikuwa na sharti moja tu. Waombolezaji wakishatawanyika, aliyeandika ndiye anayeshusha. Kibao kikiachwa, wazee wanasema kinaita mwingine. Mimi sikuamini hayo, lakini nilishusha kila mara, kwa adabu.

Mwaka ambao baba aliugua, miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi, na hospitali ikaturudishia mtu wetu kwa maneno ya upole ambayo kila mtu mzima anayaelewa. Tulimlaza chumba cha mbele ili aone mlango. Mtaa wetu ni mfupi, nyumba saba upande mmoja, yetu ya mwisho. Jumamosi moja tulimzika bibi wa nyumba ya tatu, nami nikaandika katoni kama kawaida, nikaifunga kwenye nguzo ya umeme pale kona. Jumapili baada ya ibada baba aliniita karibu, akanishika kifundo cha mkono.

"Ita yaya yako," alisema. "Umuambie akuye."

Niliinama karibu zaidi, nikidhani nimesikia vibaya.

"Asilete kitu," akaongeza. "Akuye tu. Niko na neno ya kumuambia."

Nilipiga simu nikiwa ndani ya nyumba, mara ya kwanza katika miaka sita, mbele ya baba mwenyewe. Yaya aliuliza, "Ni ye mwenyewe alisema?" Nikamwambia ni yeye, na yuko hapa ananiangalia. Katika kelele za soko nilimsikia akimwambia mteja asubiri. Kisha akasema, "Nitakuya merkredi. Muambie anivumilie mpaka merkredi." Nilimpa baba maneno hayo kama yalivyo. Alitabasamu, akaomba anyolewe ndevu.

Kuanzia hapo nyumba nzima iliishi kwa ajili ya Jumatano. Baba alikataa dawa ya usingizi asije akalala yaya akifika. Alikuwa akijaribu sentensi yake chinichini, nilimsikia, midomo inakwenda. Sikujua ni sentensi gani na sikuuliza, maana haikuwa yangu. Waombolezaji wa nyumba ya tatu walitawanyika Jumatatu. Jumatatu hiyo nilimwosha baba, Jumanne nilimtafutia mtu wa kumchoma sindano, na katoni ikabaki kwenye nguzo. Niliiona mara mbili nikipita. Nikasema kesho.

Jumatano ikafika. Nilimvalisha baba shati la kanisani. Saa sita mchana ikapita, saa nane, saa kumi. Kila gari lililopunguza mwendo kwenye lami, baba aligeuza kichwa. Nilipiga simu ya yaya, imezimwa. Nikapiga tena. Jioni, baba akiwa bado na shati lake lililofungwa vifungo mpaka shingoni, hasira ikanipanda mpaka nikaona giza. Nikamwandikia ujumbe: "Bakia kule. Haina tena lazima ukuye." Nikautuma. Nilijisikia mtu wa haki kabisa.

Alhamisi hakujibu. Ijumaa mchana nilikuwa namlisha baba uji kwa kijiko. Aliusukuma mkono wangu, akauliza, "Yaya yako iko wapi?" Ningeweza kusema gari limeharibika. Ningeweza kusema mtoto wake anaumwa. Barabara ya Fungurume ina sababu elfu za kumchelewesha mtu, na baba aliyeendesha malori ujana wake wote angezikubali zote. Lakini mimi nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira, na nilitaka mtu mwingine awe na hasira pamoja nami.

"Hakutaka kuya, tata," nilisema.

Baba alifikiri kidogo. Hakukasirika. "Eko na haki," alisema. Akageuza uso ukutani, na sikumlisha tena, maana hakufungua kinywa tena kwa uji wala kwa neno. Jumamosi asubuhi akafa.

Nilichukua katoni mpya na kalamu nikaenda kona. Nilipofika nikakuta ile ya bibi wa nyumba ya tatu bado iko, mwandiko haujafifia, mshale unaelekea mtaani kwetu. Nikafurahi, ndiyo, nilifurahi kwamba sina haja ya kuandika siku hiyo. Nilibadilisha matawi tu, kwa sababu ya zamani yalikuwa yamekauka.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyekubali kumpigia yaya. Mimi nilikataa. Aliingia uani na simu mkononi, macho yamemtoka. "Nilimuambia tata yenu ametutoka," alisema mbele ya watu wote. "Munajua alijibu nini? Anasema, mi najua." Baba alikuwa na saa tatu tangu akate roho, na hakuna aliyekuwa ametuma habari Fungurume. Basi alijua namna gani? Msomaji asiye wa kwetu huenda asione uzito wa swali hilo. Kwetu mtu anayejua kifo kabla hajaambiwa, naye aliachana na marehemu kwa ugomvi, watu hawamwiti tena kwa jina lake. Wanatafuta jina jingine. Nililisikia jina hilo likisemwa kwa sauti ya chini kwenye viti vya nyuma, na sikusimama kulikataa.

Yaya hakuja kuzika. Hilo likawa kama ushahidi.

Baada ya siku arobaini, familia ilikaa ikaamua mtu aende Fungurume amwulize uso kwa uso. Walinichagua mimi, na nilikwenda kwa hamu. Njiani kwenye teksi nilikuwa nikipanga maneno makali, nikiyang'arisha. Nilimkuta sokoni nyuma ya meza yake ya unga, amekonda, amevaa nyeusi. Nilishangaa kuona nyeusi. Alikuwa anaomboleza peke yake, bila kilio, bila watu, kati ya samaki wakavu.

Alinivutia kibao kidogo cha kukalia, kile cha miguu mitatu. Sikukaa.

"Familia inauliza," nilisema. "Ulijua namna gani?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Mi nilisoma," akasema.

"Ulisoma nini?"

"Plake yako. Pa kona. Ni mukono yako, ile K na mukia yake. Mi ndiye nilikufundisha."

Sikuelewa mara moja, na nadhani mwili ulielewa kabla yangu, kwa sababu nilikaa. Alieleza bila haraka, akipanga vikombe vya kupimia unga. Alishuka kwenye lami Jumatano saa sita mchana. Alikuwa amesuka nywele upya. Akaona matawi, akaona KILIO, akaona mshale, akaona vijana wa kanisa wanatoka mtaani na viti vya plastiki juu ya mkokoteni. Viti hivyo vilikuwa vya nyumba ya tatu, walichelewa kuvirudisha.

"Nikasema nimechelewa," alisema. "Nikasema, anikufia mu njia."

"Yulu ya nini hukuuliza mutu?" nilimwambia. "Pale kuna mama muuza mikate. Kuna batu!"

"Niulize nani? Weye unaandika, mi niulize nani tena?"

Alisimama pale kona, alisema, akijaribu kuinua mguu. Akafikiria ua umejaa watu, na yeye aliyeambiwa miguu yake isikanyage, anaingia siku ambayo mwenye kumsamehe hayupo. Wangemwuliza anamlilia nani. Akavuka barabara, akapanda gari la kurudi, akazima simu. Alipoiwasha jioni alikuta ujumbe wangu. Haina tena lazima ukuye. "Nikaona ni kweli," alisema.

Niliinamisha kichwa kwenye kibao kile cha miguu mitatu, nikamwambia kwamba Jumatano baba alikuwa hai. Nikamwambia habari ya bibi wa nyumba ya tatu. Nikamwambia Jumamosi asubuhi. Nilitaka anipige. Mbele ya wauzaji wote wa soko, nilitaka kibao cha shavuni, cha vitabuni, chenye sauti. Hakunipiga. Aliweka mikono miwili juu ya unga, akaiacha ikazama mpaka vifundoni, akalia bila kutoa sauti, na mteja aliyekuja na bakuli akarudi nyuma polepole.

Kisha aliuliza. Nilijua atauliza.

"Siku zile zote," alisema, "tata alikuwa anawaza nini yulu yangu? Ulimuambia nini?"

Ukweli ulikuwa mfupi, maneno matatu tu. Nilikuwa nimesafiri mpaka pale nikiwa na maneno makali mengi, na hayo matatu ndiyo yaliyonishinda.

"Nilimuambia uko mu njia," nilisema.

Alifumba macho. Aliitoa mikono kwenye unga, akanishika uso, akanipaka weupe mashavu yote mawili. "Asante," alisema. "Asante, mudogo wangu. Basi hakukufa na mawazo." Akanifungia samaki wa kumpelekea shangazi, samaki wazuri kabisa wa meza yake, na nilipokea.

Nyumbani nilikiri habari ya katoni mbele ya familia yote. Hilo nililiweza. Wazee walitikisa vichwa, shangazi alilia, akampigia yaya simu siku hiyohiyo kumwomba msamaha, na lile jina jingine likafutika midomoni mwa watu. Siandiki tena vibao vya kilio. Wakinijia na katoni, nawaambia mkono unauma, na wanaona ni ujeuri wa mwalimu.

Yaya alikuja Kolwezi mwezi uliofuata, na mtu wake, na watoto wawili ambao baba hakuwaona. Aliomba tuende makaburini sisi wawili tu. Aling'oa majani kuzunguka kaburi, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Alimweleza baba yote, kona, matawi, viti. Alimweleza kwa furaha kidogo, kama watu wanavyosimulia ajali ambayo hakuna aliyekufa.

"Lakini ulijua niko mu njia, tata," alisema. "Ulilala unajua."

Akageuka, akaniangalia, uso wake umetulia kuliko nilivyouona tangu utoto wetu.

"Si ulimuambia?"

Nikasema ndiyo, nilimwambia.